Notisi za kubomoa nyumba ziandikwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Karatasi iliyo mezani pangu ninapoandika barua hii ina mikunjo minne na doa la mafuta. Upande wa mbele ni notisi kutoka idara ya mipango ya kaunti moja ya Pwani, Kiingereza kitupu, ikimwamuru mwenye nyumba abomoe jiko lililojengwa bila kibali. Upande wa nyuma ni hesabu ya mama muuza mahamri: unga kilo 10, sukari kilo 2, iliki, mafuta, na jina la mteja anayedaiwa shilingi 140. Mama alidhani ni tangazo la chanjo. Aliniletea siku ya 19. Muda wa kukata rufaa ni siku 14.

Mimi ni wakili hapa Malindi, mwaka wa 24 sasa, na kazi yangu karibu yote imekuwa kesi za madai: mipaka ya ploti, vibali vya ujenzi, njia zilizozibwa, na ugomvi wa raia na serikali inayosimamia mji wao. Siwezi kuilaumu idara ile peke yake. Kabla ya mabaraza ya miji kuvunjwa mwaka 2013 nilikuwa nikiwakilisha mojawapo hapa Pwani, na notisi za namna hii nilikuwa naziandika mimi. Nilikuwa na nakala moja ya zamani. Nilibadilisha jina na nambari ya ploti, kisha nikampa karani apige muhuri. Sikuwahi kujiuliza nani ataisoma. Nilimwandikia jaji, ili siku kesi ikifika kortini karatasi yangu isikutwe na kasoro. Nilishinda kesi nyingi hivyo. Nyingine nilizishinda kwa sababu upande wa pili haukutokea, na leo naamini wengine hawakutokea kwa kuwa hawakujua wameitwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 haikuwanyima watu njia. Aliyepewa notisi ana siku 14 kupeleka rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango, nayo kamati ina siku 30 kuamua. Asiporidhika, anakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Akiiruka kamati na kukimbilia kwa jaji, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama alikwenda kwenye kamati, na mara nyingi kesi hutupwa hapo hapo, kabla hata nyumba yenyewe haijatajwa.

Sasa tazama siku 14 zinavyokwisha mtaani. Siku ya kwanza notisi hupelekwa kwa jirani ambaye mwanawe amefika sekondari. Huyo husoma, akasema ni mambo ya ardhi. Siku ya tatu ni kwa mzee wa mtaa, ya tano kwa chifu. Wiki ya pili yote ni kumsubiri mwakilishi wadi, maana kila mtu amesema yeye ndiye atakayezungumza na wakubwa. Wakili ni wa mwisho kufikiriwa, kwa hofu ya gharama. Hofu hiyo naielewa.

Tena huku kwetu kuna jambo ambalo watu wa bara huwa hawalijui. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi ya Pwani wajitokeze kudai walichonacho, na kisichodaiwa kikawa cha serikali ya kikoloni. Wengi hawakudai, na miongoni mwao ni wengi ambao habari haikuwafikia. Ndiyo maana leo una mtaa mzima ambao nyumba ni ya huyu na ardhi ni ya yule. Mtu anajenga kwa jasho lake, anarithisha wanawe, na kila mwezi analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Notisi ikibandikwa mlangoni, mwenye nyumba huona si yake kujibu. Nilipomsomea notisi, mama yule aliniambia maneno haya haya: "Mwanangu, ardhi si yangu, ningemjibu nani?" Kumbe sheria inaruhusu notisi apewe mwenye mali, anayeishi humo, wakala au anayejenga, na aliyepewa ndiye mwenye haki ya rufaa. Haulizwi hati miliki kwanza.

Tulipeleka rufaa pamoja na ombi la kuongezewa muda. Kabla hatujajibiwa, siku ya 23 asubuhi, jiko lilivunjwa. Nilifika saa nne. Mabati yalikuwa yameegemezwa kwenye mnazi, moja juu ya jingine, na karai lake kubwa lilikuwa kifudifudi kwenye mchanga uliolowa mafuta. Jirani mmoja alikuwa akiokota mawe ya matumbawe yaliyo mazima na kuyapanga kando, kimya. Mama alikuwa ameketi kibarazani ameshika ndoo ya unga uliokwisha kukandwa, hajui auweke wapi.

Nilimwomba mpima ardhi aje aangalie. Idara haikukosea: jiko lilikuwa limeingia kwenye njia ya umma futi 2. Futi 2, Mhariri. Rufaa ingepelekwa kwa wakati, tungeomba ruhusa ya kusogeza ukuta mmoja, na kaunti ingepata njia yake bila mtu kupoteza riziki.

Sitetei wanaoziba njia. Wapo wenye kuta ndefu waliofunga njia za kwenda ufuoni, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya ploti ya ufuoni Nyali, Mombasa, na kusema kuwa hati pekee haimlindi mtu ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, nilifurahi sana. Lakini mwenye ukuta mrefu akipata notisi asubuhi, jioni wakili wake ameshaisoma. Siku 14 zinamtosha na kubaki. Muuza mahamri amepewa siku hizo hizo, zikaisha kabla hajajua karatasi inasema nini.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi. Basi kila kaunti ya Pwani iandike notisi zake kwa lugha zote mbili, Kiswahili kikiwa juu. Na maneno yenyewe nimeshayaandika, yeyote ayachukue:

"Hii ni amri ya kubomoa au kurekebisha jengo lako. Ukiona umeonewa, una siku 14 tangu ulipopewa karatasi hii kukata rufaa. Si lazima uwe mwenye ardhi. Peleka rufaa yako kwa maandishi kwenye kamati, katika ofisi iliyotajwa hapa chini."

Chini yake pawekwe jina la jengo, chumba, siku ambazo ofisi iko wazi na tarehe ya mwisho ya rufaa. Tarehe yenyewe, kwa siku na mwezi, ili mtu asihesabu vidole. Na anayeipeleka asiibandike akaondoka. Abishe hodi, aisome kwa sauti, aulize kama imeeleweka. Ni kazi ya dakika tano.

Nakala ya maneno hayo nimeipeleka kwenye ofisi iliyotoa notisi ya yule mama. Kaunti nyingine ikinitumia notisi yake ya Kiingereza, nitaitafsiri bila malipo na kuirudisha ndani ya wiki moja.

Wakili wa kesi za ardhi,
Malindi