Madoa ya nyota yasisahauliwe katika habari za sayari za mbali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo magazeti yetu huliacha kila yanapotangaza kuwa mvuke wa maji umeonekana kwenye sayari ya mbali, nalo ni kwamba nyota yenyewe inaweza kuwa ndiyo yenye mvuke huo.

Nyingi ya sayari hizo hutambuliwa zinapokatiza mbele ya nyota zao na kupunguza mwanga unaotufikia. Nyota vibete nyekundu, ambazo joto lake ni dogo kuliko la Jua, aghalabu huwa na madoa, yaani sehemu ambazo nguvu za sumaku zimezuia joto la ndani lisipande juu. Sayari ikipita juu ya doa huziba mahali palipokuwa hafifu tangu awali, kwa hiyo mwanga uliokwisha kushuka huinuka kidogo kwa muda. Darubini ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009, ilinasa miinuko ya namna hiyo kwenye nyota HAT-P-11.

Hapa Ujiji niliwaonyesha wanafunzi wangu jambo hilo kwa globu nyeupe tuliyoipaka masizi ya sufuria upande mmoja. Tulipitisha mbele yake chikichi lililofungwa uzi, na simu yenye programu ya kupima mwanga ikasoma: namba zilishuka, na chikichi lilipofika kwenye masizi zikapanda kidogo. Binti aliyeshika uzi alilirudisha mara tatu, hakutaka kuamini mara moja.

Madoa yanayopotosha zaidi, hata hivyo, ni yale ambayo sayari haiyagusi kabisa. Hayo hufanya sayari ionekane kubwa kuliko ilivyo, na kwa kuwa yana ubaridi kiasi, mvuke wa maji huweza kudumu ndani yake. Hata katika madoa ya Jua letu mvuke huo ulithibitishwa mwaka 1995. Ndiyo sababu mwaka 2023, darubini ya James Webb ilipoona dalili za maji ilipoichunguza sayari GJ 486 b, iliyo umbali wa miaka nuru 26 hivi, watafiti walisema wazi kwamba huenda zinatoka kwenye madoa ya nyota yake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, habari ya aina hiyo inapokufikia, nakuomba mwandishi wako aulize kwanza nyota ni ya aina gani na madoa yake yamehesabiwaje, na jibu lichapwe katika aya za mwanzo, ambako wanafunzi wangu watalisoma.

Mwalimu wa fizikia,
Ujiji, Kigoma.