Gesi tunaizungumza sana, na mafuta ya makonyo ya karafuu je?

Mhariri, asalaam aleikum.

Naomba nafasi nichangie hili suala la mafuta na gesi, maana siku hizi kila baraza stori ndo hiyo, ikipatikana tutauza, tutapikia, tutawasha umeme, basi. Yaani kuchoma tu. Mimi naona kuchoma ndo matumizi ya chini kabisa, pesa ipo kwenye kuioksidisha kidogo, yaani kuiunganisha na oksijeni, halafu ukaishia hapo kabla haijaungua.

Chukua chupa ya maji, hizi zilizozagaa mpaka ufukweni. Plastiki yake imetokana na vitu viwili. Kimoja kinaanza na gesi ya ethilini, inapitishwa pamoja na oksijeni juu ya madini ya fedha, fedha hii hii ya pete na bangili, Mfaransa Théodore Lefort ndo aliigundua njia hiyo mwaka 1931. Inatoka ethilini oksaidi, ukitia maji unapata glaikoli. Cha pili ni parazailini inayotoka kwenye mafuta ghafi, inaoksidishwa kwa kobalti na manganizi mpaka inakuwa asidi. Hapo fedha na kobalti ni vichocheo, vinaongoza kazi tu, vyenyewe havimo kwenye chupa kama malighafi.

Ugumu uko kwenye kuishia njiani, kama vitunguu vya pilau, ukichelewa kuviepua vishaungua. Haidrokaboni, yaani hivi vitu vya kwenye mafuta na gesi, ukiiachia inakwenda mpaka mwisho unabaki na hewa ukaa na maji, na mara nyingi kile unachokitaka kinaungua kwa urahisi kuliko ulichoanzia. Methani, ambayo ndo sehemu kubwa ya gesi asilia, ndo sugu khasa, viwanda vikitaka kuigeuza methanoli (aina ya alkoholi) vinazunguka, kwanza vinaivunja kwa mvuke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 800 ndo vianze kuijenga upya. Atakayepata kichocheo cha kuikata hiyo safari kwa gharama nafuu, huyo katajirika.

Sasa kwa nini tungojee gesi? Hapa Pemba makonyo, vile vikonyo vinavyoshika karafuu, yanaanikwa juani, yanapelekwa kiwanda cha Wawi, yanatoka mafuta ambayo sehemu kubwa ni yujenoli. Hiyo yujenoli ukiichemsha na alkali mkia wa molekyuli yake unabadilika kidogo, halafu ukiuoksidisha pale pale kwenye mkia bila kuigusa pete ya molekyuli unapata vanilini, ile harufu ya aiskrimu na keki. Si ndoto, mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya nje vilikuwa vinatengeneza vanilini kwa mafuta ya karafuu. Zamani walitumia makemikali makali, leo watafiti wanajaribu vichocheo na oksijeni ya kawaida, na ni kazi ya maabara ndogo haihitaji mtambo wa mabilioni.

Vijana wetu wanamaliza skuli na kemia nzuri tu halafu hawana pa kuitumia. Naiomba wizara na chuo chetu cha SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) waanzishe maabara ya vichocheo, waanze na dumu moja la mafuta ya makonyo kutoka Wawi, na wakulima waambiwe kinachopatikana.

Msomaji wenu,
Chake Chake, Pemba