Barua ya Kufunga Muhula: Klarineti Nyumbani

Kwa wazazi na walezi wote,

Salamu. Muhula umefika ukingoni. Ripoti za watoto zimo ndani ya bahasha hii pamoja na tarehe ya kufungua, na walimu wa madarasa wameeleza humo kila kinachohitaji kuelezwa. Mimi nina jambo moja tu, la klarineti, ile ala ya kupuliza ambayo watoto wanajifunza.

Majuzi mzazi mmoja alikuja ofisini akionekana kuchoka. Mwanawe hupuliza sauti ileile jioni nzima, mara inalia kama bata, mara inakatika, kisha anaanza upya. "Mwalimu," akaniuliza, "huko mbele kuna kazi gani?" Nilimjibu harakaharaka, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi. Najua ana wenzake, kwa hiyo nalijibu upya hapa.

Mpiga klarineti Heinrich Baermann alizaliwa Potsdam, Ujerumani, mwaka 1784, akasomea muziki katika shule ya jeshi. Alikuwa mpulizaji wa bendi ya jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, na mwaka 1806, katika vita na Napoleon, akatekwa katika mji wa Jena. Mwaka uliofuata tunamkuta Munich, katika okestra ya mfalme wa Bavaria, na nafasi hiyo aliishika hadi 1834. Mtunzi Carl Maria von Weber alipofika mjini humo mwaka 1811, alimwandikia kipande kimoja kifupi cha klarineti na okestra. Mfalme alikipenda hata akaagiza konserto mbili, yaani vipande virefu vya ala moja ikisindikizwa na okestra, na Weber akazitunga mwaka huohuo. Hadi leo ni nadra kumpata mpiga klarineti aliyesomea kazi yake ambaye hajazitolea jasho.

Vidole vya Baermann vilikuwa vyepesi, lakini hilo wengine nao walikuwa nalo. Waliomsikia walisifu zaidi jinsi sauti yake ilivyokuwa moja toka chini kabisa hadi juu. Hapo ndipo ninapomwomba yule mzazi anisikilize. Mpuliza filimbi akiruka juu bila kubadili vidole, hufika kwenye noti ya 8 ukihesabu na ile aliyoanzia. Klarineti ni bomba lenye upana uleule karibu urefu wake wote, na upande wa mdomoni ni kama limezibwa. Kwa sababu hiyo mtoto akibonyeza kile kibonyezo cha nyuma kwa dole gumba la kushoto, sauti huruka hadi noti ya 12. Pengo hilo lazima lijazwe kwa matundu na vibonyezo vya ziada. Noti za mwisho za chini huwa hafifu, za kwanza za juu huwa kali, na mahali zinapokutana pana mshono. Hapo kwenye mshono ndipo mtoto wako anapolia kama bata. Hachezi, anaushona.

Baermann alimfundisha mwanawe Carl, aliyezaliwa mwaka 1810, wakasafiri wakipiga pamoja. Mtunzi Mendelssohn aliwatungia baba na mwana vipande viwili vya kupigwa na piano, mmoja akishika klarineti, mwingine ala ya jamii ya klarineti iliyo ndefu na yenye sauti nzito zaidi. Baba alipostaafu, Carl akashika nafasi yake. Alipokuwa na miaka 54, mwaka 1864, alianza kutoa kitabu chake cha mafunzo, sehemu baada ya sehemu, hadi 1875. Binafsi nakiona ni kazi kubwa kuliko matamasha yake yote, ingawa mwalimu wa muziki hapa shuleni hakubaliani nami. Kurasa za skeli, yaani noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio, ambazo watoto wetu wanazinung'unikia zimetoka humo.

Sasa ya nyumbani. Dakika 20 kwa siku zinatosha, na ni bora kuliko saa 2 za Jumamosi. Klarineti isiachwe juani, maana mbao hupasuka. Kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye sehemu ya kupulizia kikishameguka ncha, kitupwe. Hakuna pumzi itakayokitengeneza. Mtoto apanguse ndani ya bomba kila anapomaliza, hata akidai amepuliza kidogo tu.

Na mzazi uliyekuja ofisini: Ijumaa mwanao aliuvuka mshono mara 6 mfululizo, akipanda na kushuka, bila kukwama. Mwambie akupigie.

Wenu,
Mwalimu Mkuu