Wakazi washirikishwe kabla ramani haijachorwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niihimize Serikali ya Kaunti ya Nairobi iunde, katika kila wadi, bodi ya ushauri ya wakazi itakayoshiriki kupanga bustani, njia za waendao kwa miguu na uhifadhi wa majengo ya kihistoria kabla ya mkandarasi kuingia kazini.

Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ihimize umma kushiriki katika kulinda mazingira, ila mara nyingi sisi huitwa mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Bustani ya Uhuru Park ingalikuwa na jengo la orofa 60 kama Profesa Wangari Maathai na wenzake wasingalipaza sauti mwaka 1989. Karura nako, chama cha jamii kinausimamia msitu kwa pamoja na Huduma ya Misitu Kenya (KFS), na njia zake za kutembea na kuendesha baiskeli zinapitika vizuri.

Mtaani kwetu Ngara, njia ya miguu iliyotandikwa kabro inaishia ghafla kwenye mtaro usio na kifuniko, na mwenye kiti cha magurudumu hulazimika kushuka barabarani kati ya matatu. Mkazi yeyote angaliyaona hayo kwenye mchoro.

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, inajulikana na inalindwa kisheria. Hofu yangu ni nyumba kuukuu za mawe zisizo na jina, ambazo hubomolewa kimyakimya. Bodi hiyo iziorodheshe, wazee na vijana wakiwemo, na kumbukumbu za vikao zibandikwe hadharani katika ofisi ya wadi.

Mkazi wa Ngara,
Nairobi