Risala kwa Mgeni Rasmi: Chupa Tupu za Chakula na Mapambo ya Nyumba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sheha wa Shehia yetu,
Mwalimu Mkuu na walimu wa skuli iliyotupa ukumbi,
Wazee wetu, wageni waalikwa na wanakikundi wenzetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe Mheshimiwa kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi.

Kila kilichopangwa mezani mbele yako kilikuwa kimebeba chakula kabla ya kufika hapa: jemu, mayonezi, asali, achari, zeituni, kahawa ya unga. Sasa ni fanusi, vyombo vya maua, chupa za viungo na za kuhifadhia udi. Tumeona tusikusomee historia ya kikundi. Tunakusomea kazi yenyewe inavyofanyika, kwa vipimo vyake na makosa yake, ili utakapotusaidia ujue unasaidia nini, na atakayeipata risala hii aweze kuifuata akiwa nyumbani kwake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwambao wetu wa mashariki mwa Unguja, kuanzia Kiwengwa hadi Makunduchi, umejaa hoteli, na jiko la hoteli halipitishi siku bila kumaliza chupa za mdomo mpana. Kioo hakiozi. Kikitupwa kichakani kinavunjika na kukata miguu ya watoto, na chupa nzima ikijaa maji ya mvua inazaa mbu. Kwa hiyo mali ghafi tunayo, tena ya bure. Kisichokuwa bure ni matayarisho, na hapo ndipo vyombo vingi vinapoharibika. Mnunuzi huona kamba na rangi, lakini chombo hudumu au kubanduka kwa sababu ya mambo yaliyofanywa kabla ya kamba na rangi.

Chupa tunaanza kwa kuichagua. Inainuliwa juani na kuzungushwa polepole, kwa sababu ufa mwembamba huonekana kama unywele unaong'aa. Kisha inagongwa kidogo kwa kijiko: nzima hulia wazi, yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Iliyomeguka mdomo hatuitumii hata kwa maua, maana mkono utapita pale siku moja. Gae tunalifunga kwa magazeti, tunalitia ndani ya boksi na kuandika juu yake kwamba ndani mna kioo, ili mzoa taka asikatike.

Baada ya hapo inaroweshwa kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kwa nusu saa. Maji yasiwe ya kuchemka. Chupa baridi ikimiminiwa maji ya moto, upande wa ndani hutanuka kabla ya wa nje, na kioo hupasuka kwa mvutano huo. Lebo ya karatasi hubanduka yenyewe majini. Lebo ya plastiki haitoki hivyo, kwa kuwa gundi yake haiyeyuki kwa maji, inataka mafuta. Tunachanganya kijiko kimoja cha bekingi soda na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, ya nazi yanafaa sana, tunapaka juu ya gundi iliyobaki, tunaacha dakika 20 hadi 30, kisha tunasugua kwa kitambaa. Wengi hukwangua kwa kisu na kuacha mikwaruzo ambayo rangi ya kung'aa haiifichi, inazidi kuionesha.

Mafuta hayo yakishafanya kazi yake huwa adui. Chupa ioshwe tena kwa sabuni, ikaushwe kabisa, halafu ipanguswe nje kwa pamba yenye spiriti. Kuanzia hapo ishikwe mdomoni au ndani tu, kwa sababu alama ya kidole ni mafuta, na juu ya mafuta rangi haishiki. Ukiona chombo ambacho rangi yake inatoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, karibu kila mara kosa ni hatua hii ilirukwa. Spiriti hiyohiyo huondoa ile tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopigwa kwa wino.

Harufu ya achari na kitunguu thomu haikai kwenye kioo. Inakaa kwenye utando laini ulio ndani ya kifuniko. Kifuniko kipakwe bekingi soda iliyoloweshwa kidogo, kilale usiku mzima, kioshwe, kisha kianikwe juani siku mbili. Kikikataa, kitumike kwenye chombo kisichowekwa kitu cha kuliwa wala cha kunukia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pambo linalotakiwa zaidi ni kamba ya usumba. Hapa tuna bahati ambayo wengine hawana: kina mama wa Jambiani na vijiji vya jirani bado wanafukia makumbi ya nazi ufukweni, wanayaacha kwa miezi hadi yalainike, wanayafukua, wanayaponda na kusokota kamba kwa mikono. Ila kamba hiyo imelala katika maji ya bahari na ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani. Ikizungushwa kwenye chupa ikiwa na chumvi yake, mwezi wa Aprili itatoka jasho na kuota ukungu. Kwa hiyo tunaisuuza kwa maji matamu mara mbili na kuianika siku mbili kamili. Kamba mbichi ina kosa jingine pia: imevimba, na ikikaukia kwenye chupa hunywea na kuacha mianya.

Urefu wa kamba haukisiwi, unapigiwa hesabu. Chupa ya kawaida ya jemu ina kimo cha sentimita 12 hivi na mzingo wa sentimita 23. Tukiacha sentimita 1 chini na 2 shingoni, inabaki 9 ya kufunika. Kamba yenye unene wa milimita 5 inahitaji mizunguko 18, na 18 mara 23 ni sentimita 414. Tunakata mita 4 na nusu. Anayekata mita 4 kamili analazimika kuunga, na kiungo huonekana hata kikifichwa nyuma.

Gundi ya kamba ni ile ya viatu. Inapakwa kwenye chupa na kwenye kamba, pande zote mbili, kisha inaachwa dakika 10 hivi mpaka ukiigusa haikung'ang'anii kidoleni. Hapo ndipo zinakutanishwa. Wanaoanza hawana subira ya dakika hizo. Wanabandika ikiwa mbichi, na kamba inateleza kuelekea chini usiku. Mizunguko mitatu ya mwanzo na mitatu ya mwisho ipakwe gundi yote, ya katikati inatosha mistari minne ya wima. Gundi hii hushika moto upesi na mvuke wake unaumiza kichwa, basi kazi ifanyike barazani au uani, mbali na jiko na mbali na watoto. Gundi ya moto inayotoka kwenye bunduki yake ni ya haraka, lakini kwenye kioo laini na baridi haishiki vizuri, na juani hulainika. Sisi tunaitumia kwenye vifuniko tu.

Kitambaa cha kanga kina utaratibu wake. Tunatumia mabaki ya mafundi cherehani, na kipande tunachokipenda zaidi ni pindo, kwa kuwa michoro yake hukaa vizuri kwenye duara. Mstari wenye jina nao ukizungushwa hupendeza, lakini upimwe kwanza, isije methali ikakatika katikati ya neno. Kanga nyekundu na nyeusi huchuja, kwa hiyo kitambaa kifuliwe kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, kipigwe pasi, kisha kikatwe sentimita 25 kwa 8: mzingo, na sentimita 2 za kupandana. Gundi ni nyeupe ya mbao, sehemu mbili kwa sehemu moja ya maji. Paka chupa, laza kitambaa, sukuma mapovu kwa kidole kutoka katikati kwenda pembeni, halafu paka juu mikono miwili zaidi, yaani tabaka mbili. Chupa moja inakula vijiko vitatu vya chakula vya mchanganyiko huo, kwa hiyo lita moja ya gundi inamaliza chupa 30 na zaidi kidogo.

Kati ya mkono mmoja na mwingine tunasubiri saa mbili wakati wa kiangazi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, saa nne au tano, na siku ya mvua kubwa hatupaki kabisa. Unyevu ukifungiwa ndani, gundi hugeuka maziwa na haisafiki tena. Kitambaa kinabanduliwa na kazi inaanza upya. Gundi nyeupe hata ikikauka hulainishwa na maji, hivyo mkono wa mwisho ni vanishi ya mafuta, na mnunuzi anaambiwa apanguse kwa kitambaa chenye unyevu, asiitumbukize chupa kwenye beseni.

Kazi ambayo sisi wenyewe tunaiona nzuri kuliko zote ni ile ya koni ya hina. Badala ya hina, koni inajazwa gundi nyeupe isiyotiwa maji, na mchoraji anachora maua na mizabibu juu ya kioo kama anavyochora mkononi kwa bi harusi, au anafuata nakshi za milango ya Mji Mkongwe: minyororo, yungiyungi, mawimbi. Ncha ya koni ikatwe milimita 1 tu. Mistari ikauke siku nzima, kisha chupa yote ipakwe mikono miwili ya rangi ya mafuta isiyong'aa, na ikishakauka kidole chenye rangi ya dhahabu kidogo mno kipitishwe juu ya nakshi. Rangi ndiyo inayoifungia ile gundi isikutane na maji. Msichana aliyezoea hina ana mkono wa kazi hii tayari, na wasichana wa namna hiyo shehia hii inao wengi.

Rangi kwa ujumla ipakwe nje. Wako wanaomimina rangi ndani ya chupa wakaizungusha, na hutoka safi kama kauri, lakini chombo cha namna hiyo ni cha maua makavu tu. Kikitiwa maji rangi huinuka yote. Chupa ya kuwekea chakula isipakwe chochote ndani, na nje rangi ikome sentimita 2 chini ya mdomo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye fanusi tunaomba tusikilizwe kwa makini, kwa sababu hapa kosa ni moto. Chupa yenye kamba au kitambaa haiwekewi mshumaa. Fanusi ya mshumaa ni ya kioo kilichopakwa rangi nje peke yake, yenye mdomo usiopungua sentimita 6, isiyofunikwa kamwe, na ndani yake, chini ya mshumaa, sentimita 2 za mchanga uliosuuzwa kwa maji matamu na kukaushwa, ili joto lisikifikie kitako. Mshumaa uwe ule mfupi wa kikombe cha bati. Mrefu hufikisha mwali karibu na mdomo na kuutia masizi, na kioo hupata joto upande mmoja na kupasuka. Kishikio ni waya wa mabati wa milimita 1.5, sentimita 60: mzunguko mmoja shingoni, uliobaki mpini. Isitundikwe karibu na pazia wala chandarua. Kwa vyumba vya kulala tunauza fanusi za taa ndogo za betri, na hizo tu.

Chupa si chetezo. Kaa la moto halitiwi kwenye kioo, hata mchanga ukiwa mwingi kiasi gani. Inafaa sana kuhifadhia udi, kwa kuwa kifuniko chake cha kuzungusha huzuia harufu isitoke. Kwa karafuu, hiliki na mdalasini vilevile, mradi viungo viwe vimekauka hadi kuvunjika vikikunjwa. Vikiwa na unyevu chupa iliyofungwa huviotesha ukungu ndani ya wiki. Maua ya asumini na mlangilangi tusiyafungie humo. Hayo yabaki kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia.

Vifuniko hupata kutu kwa hewa yetu ya bahari. Tunavisugua kwa msasa namba 120, tunavipangusa kwa spiriti, tunavipaka rangi ya kuzuia kutu mkono mmoja, ndipo rangi ya pambo ifuate. Anayepaka rangi juu ya kutu ataiona imerudi.

Wageni wengine hutuuliza mbona hatupambi kwa makombe na matumbawe. Hatufanyi hivyo kwa kukusudia. Baadhi ya kaa wa ufukweni hujihifadhi ndani ya makombe matupu, na matumbawe magumu pamoja na kombe kubwa la baharini (Tridacna) yako chini ya makubaliano ya kimataifa ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo mgeni anaweza kunyang'anywa zawadi yake uwanja wa ndege. Kanga, ukili na usumba vinatutosha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu.

La kwanza, utusemee kwa wenye hoteli. Hatuombi fedha. Tunaomba kila jiko liweke kreti moja, chupa isuuzwe mara moja kwa maji kabla mabaki hayajakauka, na kifuniko kikae na chupa yake. Chupa iliyokaukiwa na mayonezi wiki nzima hutuchukulia muda mara tatu.

La pili ni banda la kukaushia, mita 4 kwa 6, paa la bati, kuta nusu ili upepo upite, na rafu za wavu. Bila banda hilo tunasimamisha kazi ya kanga na rangi siku nyingi za masika, ilhali wageni wa Juni huanza kununua mvua zikikatika tu, na sisi tunakuwa hatuna akiba.

La tatu, meza moja kwenye maonesho ya kazi za mikono yatakayoandaliwa wilayani, karibu na mlango, kwa kuwa fanusi haionekani uzuri wake mpaka mwanga upite ndani yake.

Sasa tunakuomba upite mezani. Chupa ya kwanza kushoto tumeiacha nusu safi na nusu yenye lebo yake ya zamani, uiguse mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wabillahi tawfiq.