Mchango hufuata orodha

Mhariri,

Wapo wanaodhani Mkenya hutuma mchango kwa simu kwa huruma tu. Sikubaliani nao.

Majuzi mtaani kwetu tulimchangia mama muuza mboga aliyelazwa. Siku mbili za kwanza kundi la WhatsApp lilikuwa kimya. Kisha mweka hazina akaanza kubandika orodha: jina, kiasi, jumla. Mtu akatuma shilingi 50, jina lake likaingia namba 7, na kuanzia hapo simu haikutulia. Wengi waliotuma walikuwa wateja wa mama huyo. Wengine aliwahi kuwakopesha sukuma wiki mwisho wa mwezi, na hawakusahau.

Hata mwaka 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ilipochangisha kwa ajili ya waliokumbwa na njaa Turkana, wengi wetu tulituma kidogo kidogo kwa M-Pesa. Tulikuwa tumewaona wenzetu kwenye runinga.

Nawasihi wanaochangisha: msinyamaze pesa zikishaingia. Mama alipotoka, mweka hazina wetu alituma picha ya risiti ya hospitali. Mchango uliofuata, wa karo, hakuna aliyeuliza pesa zitashikwa na nani.

Msomaji,
Nakuru