Senge, kamba itolewe kwanza

Mulembe Senge, shangazi yangu. Kwa simu tukianza hii maneno unakata, so wacha niandike hapa, wasichana wako watakusomea.

Unasema kijana wako mgonjwa wa akili, yule mmefunga kamba mguuni, haendi hospitali kwa sababu huko wanachoma watu akili na stima wanatoka mazombi. Sitakuambia umedanganywa. Madaktari wamefanyia wagonjwa wa akili mambo mabaya sana na wakasifiwa. Mreno mmoja, Egas Moniz, 1935 alianza kutoboa watu fuvu na kukata ubongo ndio watulie, na 1949 akapewa tuzo ya Nobel. Kule Marekani Walter Freeman na mwenzake walimkata hivyo Rosemary, dadake John Kennedy aliyekuja kuwa rais, mwaka wa 1941 akiwa na miaka 23, akabaki hawezi kutembea wala kuongea vizuri, na Freeman hata hakushtuka, 1946 akaanza kupitishia watu chuma juu ya jicho anakigonga na nyundo! Hiyo ya kupitisha stima kwa kichwa cha mgonjwa nayo ilianza Roma 1938, enzi hizo bila dawa ya usingizi, mtu anarukaruka hadi mfupa wa mgongo unavunjika. Siku hizi mtu analazwa usingizi kwanza na misuli inalegezwa, na kwa kijana wako hakuna mtu hata ametaja stima.

Hapa kwetu ndio usiseme. Carothers, daktari aliyesimamia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, kuanzia 1938, aliandika 1953 ati Mwafrika mwenye akili zake timamu anafikiria kama Mzungu aliyekatwa ubongo. Na WHO, Shirika la Afya Duniani, ndio walichapisha, si porojo za kijiweni. Huyo ndiye alikuwa anaamua nani mgonjwa.

So woga wako naujua umetoka wapi. Lakini Senge, nimeona kifundo cha mguu wake, pale kamba inapokaa ngozi imetoka na inzi wanatua, na sahani ya ugali anasukumiwa na mti kwa sababu watu wanaogopa kumkaribia. Hiyo haijafanywa na daktari yeyote.

Kutetemeka na kutoa mate kwenye uliona kwa yule jirani, ni dawa kweli. Lagaktili na zingine za aina yake, walianza kuwapa wagonjwa wa akili Paris 1952, zinapunguza zile sauti mgonjwa anasikia kichwani lakini zinaweza kukaza misuli. Unaambia daktari, anapunguza ama anabadilisha, si mtu kuziacha kimyakimya halafu mnarudi kwa kamba.

Na si lazima afungiwe mahali. Huko Abeokuta, Nigeria, Daktari Thomas Lambo kuanzia 1954 aliweka wagonjwa kwa nyumba za wanakijiji, mtu anakuja na ndugu yake wa kumpikia, mchana anatibiwa, jioni anarudi kukaa na watu. Hata waganga wa kienyeji alifanya nao kazi. Kwa hivyo pasta aendelee kuombea kijana, mimi shida yangu ni vile anasema dawa ni kukosa imani.

Kliniki ni Jumanne. Tutakuja asubuhi na gari ya kukodi, hakuna polisi, na hakuna kumdanganya ati anaenda kununuliwa viatu. Wewe ndio utaingia naye kwa daktari, wewe anakusikiza. Beba kitambulisho chake, na uandike kila kitu amekunywa, hata zile dawa za miti, lazima wataulizia. Kamba itolewe leo, usingoje Jumanne.